Diski Iliyodaiwa Kufa

Kila Jumamosi asubuhi Nati alikuwa na kazi zake: kuosha vyombo vya jana, kufua soksi za shule, kufagia ua, kisha kufuta vumbi sebuleni. Siku hizi alizifanya bila kuambiwa na bila kununa. Zamani ungemsikia hadi barabarani. Angelalamika kwamba ndoo inavuja, ufagio umeisha, na soksi zake zinanuka kuliko za darasa zima. Sasa alifua kimya, akaanika kimya, akahamia kwenye kazi nyingine.

Jina lake la shule liliitwa na mwalimu tu. Nyumbani na mtaani aliitwa Nati, kwa sababu alipokuwa mdogo aliokota kila nati na kila skrubu iliyodondoka kutoka kwenye meza ya kaka yake, akazificha mfukoni. Kaka yake alikuwa mtu wa kuunda vitu. Kompyuta iliyokuwa pale sebuleni aliiunda mwenyewe kwa vipuri vya kuokoteza. Kasha alilipata kwenye ofisi iliyofungwa, skrini ilikuwa na mstari wa kijani pembeni, na kibodi haikuwa na kitufe cha herufi K, jambo ambalo ni balaa kwa mtu anayeandika Kiswahili. Nati alikuwa msaidizi wake. Alishika tochi, alihesabu skrubu, na taratibu alijifunza kila waya unakwenda wapi.

Kaka huyo alifariki mwanzoni mwa muhula. Aliumwa kichwa siku chache, akalazwa, na hakurudi.

Majirani walimsifu sana Nati. "Mtoto jasiri huyu," walisema. "Hata hajalia." Hawakujua. Nati hakuwa jasiri, alikuwa na ganzi. Chakula hakikuwa na ladha mdomoni mwake na vichekesho vya darasani havikumchekesha. Siku moja alijikata kidole kwa wembe wa kuchongea penseli, akaitazama damu bila haraka, mpaka mwenzake wa dawati akapiga kelele. Ukimuuliza ana nini, jibu lilikuwa hilo hilo moja: "Hakuna."

Mama yake naye alikuwa vivyo hivyo, ila kwa namna ya watu wazima. Alikuwa muuguzi katika zahanati. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye meza ya kwanza kabisa, pale ambapo kila mgonjwa huulizwa anaumwa nini, tangu lini, na ametumia dawa gani. Baada ya msiba alirudi kazini, akapiga pasi sare yake, akauliza watu maswali siku nzima. Akirudi nyumbani alivua viatu, akakaa, na hakumuuliza mtu lolote tena. Waliishi hivyo, wawili ndani ya nyumba moja, wakipeana chumvi na kuambiana usiku mwema.

Jumamosi hiyo Mama hakuwa na zamu. Alikuwa jikoni akimenya viazi. Nati alikuwa sebuleni akifuta kasha la kompyuta kwa kitambaa kikavu, polepole kuliko siku nyingine, maana mchana huo kompyuta ingeondoka. Mjomba, mdogo wake Mama, alikuwa na duka la kuchapa na kutoa nakala, na mashine yake moja ilikuwa imeharibika. Aliiomba hii iliyokuwa imekaa tu. Mama akasema aichukue, na Nati alipoulizwa kama ana neno alijibu, kama kawaida, hakuna.

"Hodi! Nati!"

Alikuwa Gundi, binti wa nyumba ya pili, golikipa wa timu ya mtaa. Jina la Gundi alipewa kwa dhihaka, kwa sababu mpira haukuwahi kung'ang'ania mikononi mwake hata siku moja.

"Shikamoo, mama," alisalimia mlangoni.

"Marahaba, mwanangu. Karibu, ingia."

Gundi alisimama mbele ya Nati akihamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine. "Leo tunacheza na wale wa mtaa wa juu," alisema. "Njoo basi."

"Sijisikii."

"Hata kutazama tu? Mechi siku hizi zimepooza. Tunacheza kimya kama watu wanaofanya mtihani." Alikaza macho kwenye kompyuta. "Halafu wenzangu wamenituma nikuulize. Zile rekodi za kaka bado zipo? Tulitaka tusikie hata moja."

"Hazipo," alisema Nati. "Diski imekufa."

Kisu kilinyamaza jikoni. Mama alitokea mlangoni, kiazi kimoja bado kiko mkononi.

"Rekodi gani?"

Gundi alimtazama Nati, akaona hana mpango wa kujibu. "Za mechi, mama. Kaka alikuwa anatutangazia kama redio. Anajirekodi kwa simu huku tunacheza, halafu jioni anahamishia kwenye kompyuta maana simu yake ilikuwa inajaa kila siku ya Mungu. Nyingi tu. Hukuzisikia?"

"Mimi jioni nilikuwa kazini au nimelala," alisema Mama polepole. "Nilijua anacheza magemu." Alikiweka kiazi juu ya meza. "Ni sauti yake yeye?"

"Ndiyo, mama. Sauti yake."

Gundi aliona uso wa Mama, akaona bora aage. Alipokwisha kwenda, Mama alivuta kigoda, akakaa mbele ya kompyuta, magoti yakigusana na kasha.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Diski iliyokuwa na rekodi imekufa. Mjomba alisema."

"Aliipimaje?"

"Aliigonga kwa kidole mara mbili. Akasema imekufa hiyo, tupa."

"Mjomba wako angekuwa ndiye mganga wetu pale zahanati," alisema, "saa nne asubuhi tungekuwa tumeshazika nusu ya mtaa."

Kilikuwa kichekesho. Cha kwanza katika nyumba ile tangu msiba, na hakuna aliyecheka, lakini Nati aliinua uso.

"Mimi sijui kompyuta," Mama aliendelea. "Wewe unajua. Lakini kuuliza najua. Haya, niambie. Mgonjwa ana umri gani?"

"Mgonjwa yupi?"

"Si huyu hapa?"

"Miaka mitatu," alisema Nati. "Ila vipuri ni vya zamani zaidi."

"Tatizo limeanza lini?"

"Wiki ile baada ya mazishi. Nilitaka kufungua rekodi, nikakuta diski kubwa haipo kwenye orodha. Diski ndogo ya kuwashia ipo, mashine inawaka vizuri. Kubwa tu ndiyo haionekani."

"Kabla ya hapo alikuwa mzima?"

"Ndiyo."

"Kuna dawa yoyote alipewa karibu na siku hiyo? Nina maana, kitu kilichoongezwa, kilichotolewa, kilichosogezwa. Hata kidogo."

Nati aliangalia kitambaa cha vumbi alichokishika. "Hakuna," alisema.

"Basi tumpime."

Nati alifanya kama alivyofundishwa. Alichomoa waya wa umeme ukutani kwanza, akabonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki ndani uishe, akagusa chuma cha kasha, ndipo akafungua skrubu za ubavuni. Ndani kulikuwa na feni mbili, nyaya zilizofungwa vizuri, na ubao mkuu, ule mpana wa kijani unaounganisha kila kitu. Alimwonyesha Mama matundu manne yaliyopangana pembeni ya ubao.

"Diski huchomekwa humu kwa waya huu mwembamba. Ndogo iko tundu la kwanza, kubwa tundu la nne. La pili na la tatu hayana kitu." Alionyesha chini ya kasha, ambako diski kubwa ilikuwa imefungwa, nzito na nyeusi. "Ndiyo hiyo."

Akarudisha umeme bila kufunga ubavu, akawasha, na papo hapo akabonyeza kitufe cha kufungua ukurasa wa mipangilio, ule ambao mashine hujieleza yenyewe kabla ya kuanza kazi. Orodha ilikuja. Tundu la kwanza lilikuwa na jina la diski ndogo. La pili lilisema tupu. La tatu, tupu. La nne, tupu.

"Unaona?" alisema Nati. "Nimeichomeka, na bado inasema tupu. Imekufa."

Mama hakuwa akitazama skrini. Alikuwa ameinama, ameweka kiganja juu ya diski kubwa, macho yameangalia ukuta, kama anavyofanya akihesabu mapigo ya mgonjwa.

"Nati. Lete mkono wako."

"Wa nini?"

"Lete tu."

Nati aliweka mkono pale pale. Diski ilikuwa na uvuguvugu, na ilikuwa ikitetemeka, kidogo sana, bila kuacha.

"Inazunguka," alinong'ona.

"Mimi sijui kama inazunguka. Najua anayepumua hatangazwi amekufa."

Nati aliutoa mkono wake haraka. Aliogopa. Kwa muda wote ule hakuwa na cha kuogopa, maana diski ilikuwa imekufa na mambo yalikuwa yamekwisha. Sasa ilikuwa hai, na kitu kilicho hai bado kinaweza kupotea. Mjomba angekuja baada ya chakula cha mchana. Kompyuta yoyote iliyofika mikononi mwake aliifuta yote na kuanza upya, na kilichoonekana kibovu alikitupa kwenye pipa la nyuma ya duka.

"Tunaweza kuitoa hii diski tukabaki nayo," alisema.

"Bila mashine ya kuisoma?" Mama alitikisa kichwa. "Tutabaki na chuma. Endelea, mchana haujafika."

Nati alizima, akachomoa umeme, akabadilisha waya mwembamba, akaweka mwingine kutoka kwenye kopo la vipuri la kaka yake. Akawasha. Tupu. Akazima tena, akahamisha waya kutoka tundu la nne kwenda la tatu. Tupu. Akaona kosa si la tundu, akajaribu waya mwingine wa umeme wa diski. Diski ilitetemeka vizuri kama mwanzo, na orodha ikasema tupu. Nati akajifuta vumbi la viganja kwenye sketi.

Simu ya Mama iliita. Sauti ya Mjomba ilisikika hata kwa Nati, kwa kuwa Mjomba aliamini simu husafirisha sauti kwa nguvu za mpigaji.

"Dada! Nimepata toroli! Nakula hapa kidogo, halafu nakuja kuchukua mzigo wangu!"

"Sawa, mdogo wangu," alisema Mama, akakata. Alikaa akiitazama simu kisha akaiweka kifudifudi juu ya meza.

"Nilimpa neno langu," alisema. "Nina la kumwambia iwapo tu hii diski itaonekana."

"Nimejaribu vyote ninavyovijua."

"Najua umejaribu." Mama alijisogeza kwenye kigoda mpaka wakatazamana. "Sikiliza. Juzi alikuja baba mmoja, tumbo linamkata mpaka hawezi kusimama. Nikamuuliza, umetumia dawa yoyote? Hakuna. Nikauliza tena. Hakuna, muuguzi. Mara ya tatu akasema, labda ile ya jirani, lakini ile si dawa, ilikuwa kwenye chupa ya soda."

Nati alikuwa akizungusha bisibisi mkononi.

"Watu wengi wanaokaa kwenye ile meza yangu huanza na hakuna. Si waongo. Mwingine anaona haya, mwingine ameona jambo ni dogo. Mwingine hataki tu kulitaja. Kwa hiyo kazi yangu si kuuliza. Kazi yangu ni kuuliza mara ya pili." Akaendelea kwa sauti ile ile ya kawaida, ambayo ilikuwa mbaya zaidi kuliko kama angelia. "Kaka yako nilimuona ameshika kichwa, pale pale mlangoni. Nikamuuliza, una nini? Akasema hakuna kitu, Mama, ni usingizi tu. Na mimi sikumuuliza mara ya pili. Nilikuwa nimeuliza watu siku nzima, nimechoka kuuliza. Kama ningeuliza, sijui. Labda ingekuwa vile vile. Lakini sikuuliza."

Nje mtu alipita akipiga mluzi. Mama alimshika Nati kidevu, akakiinua.

"Kwa hiyo leo nauliza mara ya pili. Wiki ile, uligusa nini?"

Nati alijaribu kusema hakuna. Neno lilikuwepo mdomoni, tayari, lilishazoea njia. Lakini hakuweza kulitoa mbele ya macho yale.

"Nilichomeka ile ndogo mpya," alisema.

"Ipi?"

"Alikuwa amenunua diski ya mtindo mpya. Nyembamba, kama kipande cha chingamu. Haina waya, inalala juu ya ubao wenyewe. Ilikuwa kwenye kikaratasi chake mezani. Alisema tutaichomeka wote wawili Jumapili, mimi ndiye nitakayekaza skrubu." Aliangalia ndani ya kasha. "Jumapili ikafika. Basi nikaichomeka mwenyewe."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, mngeuliza ni ya nani. Ningelazimika kueleza yote." Sauti yake ilikuwa imetulia, ya mtu anayesoma kitu kilichoandikwa ubaoni. "Na nilidhani nikiichomeka nitajisikia. Kulia au chochote. Nikakaza skrubu, sikusikia kitu. Nikaona nina kasoro."

Mama hakumwambia pole. Alichukua mkono wa Nati, akaugeuza, akabonyeza kidole kile chenye kovu la wembe.

"Ulishawahi kuchomwa sindano ya ganzi? Ulipong'olewa jino, unakumbuka? Uliniambia daktari ameshamaliza kabla hujajua kama ameanza. Lakini shimo lilikuwepo, na jioni uliona moto. Ganzi si kasoro, na wala si kupona. Ikiisha utaumia, na mimi nitakuwepo." Aliuachia mkono. "Sasa turudi kwa mgonjwa. Sisi mtu akizidiwa baada ya dawa mpya, tunasimamisha dawa ya mwisho kwanza. Itoe."

"Ni yake, Mama."

"Hatuitupi. Tunaiweka kwenye kikombe, tunaangalia."

Mama alileta kikombe safi cha chai. Nati alizima, akachomoa umeme, akagusa chuma. Diski ile nyembamba ilikuwa imejificha chini ya feni kubwa, mahali ambapo mtu asiyeambiwa asingeiona. Skrubu yake ilikuwa ndogo mno, na bisibisi iliteleza mara kadhaa. Ilipotoka, aliiweka kikombeni. Akarudisha waya wa diski kubwa kwenye tundu la nne, kama ulivyokuwa zamani. Akawasha, akabonyeza kitufe.

Tundu la kwanza, diski ndogo. La pili, tupu. La tatu, tupu. La nne, kulikuwa na jina refu la herufi na tarakimu.

"Mbona safari hii haikuandika tupu?" aliuliza Mama.

"Ni yenyewe," alisema Nati. "Mama, ni yenyewe. Imeonekana."

Sasa alielewa, na kuelewa kulimjia kwa sauti ya kaka yake akieleza huku mdomo umejaa mkate: ubao wa bei rahisi hauna njia za kutosha ndani yake, kwa hiyo vitu viwili hupewa njia moja, na kimoja kikipita kingine hufungiwa mlango. Diski mpya ilipolala mahali pake, ubao ulifunga matundu mawili ya mwisho, la tatu na la nne, bila kumwambia mtu. Diski kubwa ilibaki inazunguka nyuma ya mlango uliofungwa. Nati alimweleza Mama hivyo, haraka haraka, akionyesha kwa bisibisi.

"Kwa hiyo hii ya kikombeni haiwezi kukaa tena?" Mama aliuliza.

"Nadhani inaweza, nikiihamisha kubwa kwenye tundu la pili. Lile halimo kwenye hiyo njia."

"Usinifanyie yote kwa pamoja. Fanya moja, tuone."

Nati aliihamisha diski kubwa kwenye tundu la pili, akawasha. Ilionekana. Akazima. Akairudisha ile nyembamba mahali pake, na kabla ya kukaza skrubu alimpa Mama bisibisi. Mama aliinama, akakaza, ulimi ukiwa umetokeza pembeni ya mdomo. Wakawasha. Zote tatu zilionekana: mbili kwenye orodha ya matundu, na ile nyembamba kwenye ukurasa unaofuata.

"Fungua," alisema Mama.

Kulikuwa na folda moja iliyoitwa MECHI UBWA; kibodi haikuwa na K ya kuandika KUBWA, na mwenyewe aliiacha hivyo hivyo. Nati alibonyeza rekodi ya juu kabisa. Upepo ulivuma kwenye spika, mbwa akabweka mbali, kisha sauti ikaingia, nene na ya kujidai.

"Mabibi na mabwana, karibuni uwanjani! Uwanja umefurika, watazamaji ni watu wanane, mbuzi mmoja, na mama mmoja anayetafuta mbuzi huyo! Golini yupo Gundi, na leo nasikia amebadilisha kiwanda, labda itashika! Anauchukua mpira mshambuliaji wetu, Chura, anampita wa kwanza, anampita wa pili, anajipita mwenyewe, mpira umebaki nyuma!"

Mama alicheka. Kilikuwa kicheko kikubwa kilichomtoka kabla hajajua, akaziba mdomo kwa mikono miwili, na juu ya mikono macho yakajaa maji. Nati alimtazama. Kisha maumivu aliyokuwa ameyasubiri tangu siku ile yakafika yote kwa pamoja. Yalikuwa makali kuliko alivyodhani. Alilia kwa sauti, kichwa juu ya mapaja ya Mama, huku kaka yake akiendelea kutangaza kona.

Mjomba aliwakuta hivyo. Alikuwa ameacha toroli nje na ameshaanza kusema "Haya, mzigo wangu uko—" aliposikia sauti ile. Alisimama mlangoni. Akavua kofia, akatafuta mahali pa kukaa, akakaa chini.

Rekodi ilipokwisha alikohoa. "Si ilikufa hii?"

"Ilitangazwa imekufa," alisema Mama. "Haikupimwa. Mdogo wangu, nisamehe, mashine haiendi tena. Tutakutafutia nyingine wote pamoja."

"Haina neno, dada." Mjomba alijikuna shingo. "Kumbe kidole changu hakijasomea udaktari." Halafu akaongeza kwa sauti ndogo, "Niwekeeni nyingine."

Mchana ule hawakupika viazi. Nati alinakili rekodi zote kwenye diski mpya, ili zikae mahali pawili, na zilipokuwa zikinakiliwa Mama alimvuta akae karibu naye.

"Sikulaumu," alisema. "Nataka tu uelewe lililotokea. Diski ilikuwa nzima, waya mzima, ubao mzima. Tulikwama siku zote hizi kwa jambo moja ulilolijua na hukulisema. Mimi nami nilikuwa na langu, sikulisema. Mtu anayetaka kukusaidia akikuuliza, mwambie lote, hata lililo dogo, hata lile linalouma kulitaja. Ukinipa nusu ya habari, nitakutibu nusu. Na mtu wako akikwambia hakuna, halafu moyo wako unakwambia kipo, usiogope kumuuliza tena. Uliza kwa upole, lakini uliza. Umenisikia?"

"Nimesikia, Mama."

Mjomba, ambaye hakuwa ameulizwa, alisema naye amesikia.

Nati alifungua rekodi nyingine. Kelele za watoto zilijaa chumba, mtu akapiga filimbi, na sauti ile ikapanda juu kabisa ikisema bao, bao, bao ambalo hata mpigaji haamini. Mama alisogea karibu na spika.

"Huyu aliyefunga ni nani? Na mbona wanacheka hivyo? Lilikuwaje hilo bao?"

Nati alianza kumweleza, tangu mpira ulipotoka golini, nani alimpa nani, nani alianguka, kaka alikuwa amesimama wapi juu ya ukuta na simu yake. Alieleza yote huku machozi yanamtiririka, na Mama hakumwambia anyamaze.